Kigingi gani kitashika kwenye mawe ya Elgon?

MUULIZE FUNDI WA MAHEMA

*Mama Fundi, pokea salamu zangu kutoka Kitale. Ninaongoza vijana wenzangu wa kanisa kupanda Mlima Elgon kila likizo ya Desemba. Mara hii tulilala juu, njia ya kwenda kilele cha Koitobos, mahali ambapo udongo hauzidi urefu wa kidole kabla hujakutana na mawe. Vigingi vilivyokuja na hema ni vile vya waya wa chuma, vimepindwa kichwani. Vitatu vilipinda nilipovigonga tu. Saa nane usiku upepo ukang'oa viwili vya upande wa miguuni, hema likatulalia usoni hadi kukapambazuka. Rafiki yangu anasema ninunue vya titani kwa kuwa ni vyepesi. Mwingine ananiambia nibebe misumari ya seremala. Mizigo tunabeba wenyewe mgongoni, kwa hiyo kila gramu naisikia. Nichukue vipi, na vingapi? Na je, fundi wa jua kali hawezi kunitengenezea?*
Msomaji, Kitale

Mwanangu, pole sana. Hema likishakulalia usoni, usiku huo hauishi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla sijakutajia cha kununua, tuangalie kwanza kilichokupata. Vigingi vitatu vilipinda, viwili viling'oka. Hayo ni magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake. Kilichopinda kilikosa ugumu. Kilichong'oka kilikosa mshiko. Unaweza kununua chuma kigumu kuliko vyote na bado kikatoka ardhini kama karoti.

Hapa kando ya cherehani yangu nimeweka kigingi kimoja ambacho sikitupi. Ni cha alumini, cha mviringo, unene wa penseli. Ncha yake imejikunja kama mdomo wa kasuku. Kilipinda Elgon miaka kumi na moja iliyopita, mikononi mwangu mwenyewe. Tulikuwa wanawake watatu, tumechoka, jua linazama, na hema letu lilikuwa la aina ile inayosimama yenyewe kwa nguzo zake. Nikajiambia hema linalosimama lenyewe halihitaji vigingi vingi. Hiki nilikigonga kikaingia vidole vitatu, kikagota. Nikakigonga tena kwa hasira, ncha ikajikunja huko chini bila mimi kuona. Kitanzi cha kamba nikakiacha juu kichwani, nikaingia kulala. Usiku nikasikia kitanzi kinakwaruza chuma, kwi, kwi, kwi, kisha kikanyamaza. Ule ukimya ndio ulionifanya nikae kitako. Nilipotoka na tochi, pembe ile ya hema ilikuwa hewani na kigingi kimelala juu ya majani kama kijiti kilichoanguka.

Nilichojifunza usiku ule ndicho nitakachokueleza, kwa sababu watu wengi wakipata mkasa kama wako hukimbilia dukani, na dukani wanauziwa nusu ya jibu.

Tuanze na chuma chenyewe. Rafiki yako anasema titani ni nyepesi. Ni nyepesi ukiipima na chuma cha kawaida: kipande cha titani kina uzito wa zaidi kidogo ya nusu ya kipande cha chuma cha ukubwa uleule. Lakini alumini ni nyepesi kuliko titani. Kipande hicho hicho kikiwa cha alumini, uzito wake ni kama thuluthi moja tu ya chuma. Sifa ya titani ni kwamba inaweza kuwa nyembamba na bado isivunjike, ndiyo maana kigingi chake cha waya uliopindwa kichwani, cha sentimita 16 hivi, hakizidi gramu 6 au 7. Ukikishika mkononi utadhani ni sindano ya kufumia. Kinapenya penye nafasi ndogo kati ya mawe. Ubaya wake ni miwili. Ukikigonga kwa jiwe, kinanesa kama upinde na kukurudishia pigo, hasa kile chembamba. Na kwa kuwa ni cha mviringo, upepo ukikivutavuta kinazunguka chenyewe, mdomo wa ndoana unageukia hema, kitanzi kinachomoka taratibu. Kama unavyo vya namna hiyo, vitumie kwenye mlango na kwenye shuka la mvua upande uliokingwa. Usiviamini kwenye pembe inayopigwa na upepo.

Kuna titani ya namna nyingine, nene, iliyonyooka kama msumari na yenye kichwa bapa. Hiyo ndiyo ya mawe. Uzito wake ni kati ya gramu 9 na 14 kulingana na unene, na unaweza kuigonga kwa jiwe bila kuihurumia. Bei yake iko juu, sitakuficha.

Kisha kuna alumini yenye mbavu tatu, ambayo ukiitazama kutoka juu inafanana na herufi Y. Cha sentimita 19 kina karibu gramu 14. Kwa mshiko, kwenye udongo hakuna kinachokishinda kwa uzito huo, kwa sababu mbavu zile zinabana udongo mwingi na hazikiruhusu kuzunguka. Lakini mbavu hizo hizo ndizo zinazokikwamisha kwenye changarawe. Kila jiwe linagusa ubavu mmoja, kigingi kinapinda njia, na ukilazimisha kichwa kinachanika. Kitafutie mahali palipo na majani ya mashungi. Kule juu Elgon, chini ya shungi la majani pana udongo uliokusanyika pamoja na mizizi, na huwa na kina kuliko sehemu iliyo wazi kando yake. Chomeka pembeni mwa shungi, si katikati.

Na msumari wa seremala? Yule rafiki yako wa pili hajakosea. Msumari wa inchi sita una karibu gramu 30. Ni mzito mara nne ya ile ndoana ya titani, lakini unapita mahali ambapo vingine vyote vimekataa, na ukipinda unaunyoosha juu ya jiwe kwa mapigo mawili. Shida yake ni kichwa: ni kidogo, kitanzi kinateleza na kutoka. Hapo ndipo fundi wa jua kali anapohitajika. Mpelekee misumari pamoja na washa za kutosha, vile vipete bapa vya chuma vyenye tundu katikati, umwambie akuchomelee washa moja chini ya kila kichwa. Usimwambie aichonge iwe mikali kama sindano; ncha iliyokondeshwa ndiyo inayojikunja ikikutana na jiwe. Na akikushauri akutengenezee vya nondo, mshukuru lakini ukatae. Nondo ya milimita 6 ina gramu 222 kwa kila mita, kwa hiyo kigingi cha sentimita 20 kinakufikisha gramu 44 kabla hata hajapinda ndoana. Vya nondo navishona mifuko kila wiki, vya mahema ya harusi na matanga, ambayo husafiri kwa pikapu.

Sasa hesabu ya mgongo wako. Hema la watu wawili linataka vigingi kama kumi: vinne vya pembe, viwili vya mlango, vinne vya kamba za kukazia. Ningebeba vinne vya alumini ya mbavu, vinne vya titani nene, na misumari miwili ya chuma kwa pale patakapokataa kabisa. Ukichukua titani ya gramu 12, jumla ni gramu 164. Kama pesa ya titani haipo, beba misumari sita na alumini nne. Hiyo ni gramu 236. Yote mawili hayafiki robo ya sukari. Tofauti ya mzigo wa mwenye pesa na asiye nazo ni gramu 72, uzito wa yai moja kubwa. Nimekupigia hesabu hii kwa makusudi, kwa sababu nimeona vijana wakichanga pesa za miezi ili wapunguze yai moja, halafu wanafunga kamba kwa namna ambayo hata kigingi cha dhahabu kisingeshika.

Maana kwenye mawe, mwanangu, nusu ya kazi hufanywa na mkono na nusu na jiwe lenyewe.

Ukianza kugonga, sikiliza. Kigingi kinachoshuka vizuri kinatoa sauti nzito, du, du, du. Kikikutana na jiwe sauti inabadilika, inakuwa ting', na unaisikia mpaka kwenye kiwiko. Ukisikia ting' acha hapo hapo. Pigo moja zaidi ndilo lililonikunjia ncha ile. Kichomoe, sogea vidole vitatu au vinne, jaribu tena. Kabla hujagonga kabisa, papasa ardhi kwa msumari mmoja uliopo mkononi, kama mpishi anavyochoma kiazi kujua kimeiva. Ukipata ufa, fuata ufa. Kwa kawaida kichwa cha kigingi kinatakiwa kiegemee nje, mbali na hema, ili kamba ikivuta ikute kigingi kimekingama. Lakini ufa hauchagui upande wa kuelekea. Bora kigingi kilichozama chote kikiwa kimesimama wima kuliko kilichoegemea vizuri na nusu yake iko nje.

Na kikizama nusu tu? Hilo litakutokea kila safari. Usiache kitanzi juu kichwani. Kishushe hadi kiguse udongo, ukizungushie kigingi mara mbili kisinyanyuke. Kamba ikiwa juu, upepo unakitumia kigingi kama mtaimbo kujing'oa chenyewe. Ikiwa chini, kigingi cha nusu kinaweza kulala usiku mzima. Kosa hili ndilo lililonitoa nje na tochi, na nahisi ndilo lililokutoa na wewe.

Pale ambapo ni mwamba mtupu, usipoteze muda na vigingi. Tafuta jiwe dogo kama ngumi, lisilo laini sana, ulifunge na ncha ya kamba. Liweke chini mbali na hema, kamba ikiwa imenyooka. Kisha tafuta jiwe kubwa, lile ambalo unalibeba kwa mikono miwili na kukunja uso, ulilaze juu ya kamba, mbele ya lile dogo, upande wa hema. Upepo ukivuta, jiwe dogo linataka kutoka, linakwama nyuma ya kubwa, na kadiri upepo unavyovuta ndivyo linavyozidi kukwama. Watu wengi huzungushia kamba jiwe kubwa lenyewe, na hapo kuna hasara mbili: kamba inateleza, na kamba inasagwa. Ukikosa jiwe dogo lenye umbo zuri, fungia kwenye kigingi chako kilicholazwa kikakingama. Kinafanya kazi ileile.

Kusagwa kwa kamba si jambo dogo. Milima yetu mingi ya huku ni ya volkano na mawe yake yana makali. Huku kwetu Eburu, juu ya Naivasha, kuna obsidiani, jiwe jeusi la kioo ambalo watu wa kale walichongea visu. Elgon nayo ni volkano iliyozimika, na mwamba wake uliokatika huwa na kona zinazokwaruza. Nenda kwa fundi wa baiskeli umwombe tyubu iliyokufa. Kata vipande vya urefu wa kiganja, uviingize kwenye kamba kabla ya kufunga, uvisogeze mpaka pale kamba inapogusa jiwe. Vipande vinne havifiki uzito wa kuzungumzia, na vimeniokolea kamba nyingi.

Kuhusu upepo wenyewe, kumbuka kwamba kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukifika 60, hema linasukumwa kwa nguvu mara tisa. Ndiyo maana hema lililotulia saa mbili usiku linaweza kulala chini saa nane. Na usiku mlimani hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hushuka kutoka kileleni kufuata mabonde. Naona ni kama ndivyo ilivyowapata, miguu yenu ilielekea juu. Kwa hiyo unapofika jioni na upepo unatoka bondeni, usidanganyike ukaweka vigingi vyako bora upande huo peke yake. Vile vya alumini na misumari vipe upande wa juu. Kamba za kukazia zirefushe: mahali zinapofungwa kwenye hema pakiwa na kimo cha mita moja, kigingi kikae mita moja na nusu hadi mbili kutoka hapo. Kamba fupi inakinyanyua kigingi. Kamba ndefu inakivuta pembeni, na pembeni ndiko mawe yanakosaidia.

Kamba ya nailoni ikilowa inarefuka. Kabla ya kulala toka uzikaze tena, hata kama nje ni baridi na umeshavua viatu. Asubuhi yarudishe mawe yote mlipoyatoa. Chini ya mengi kuna vidudu na miche midogo, na ile ni mbuga ya taifa tangu 1968.

*Mama, mimi niko Kisumu. Tunataka kupiga kambi ufukweni Mfangano, kuna mawe na upepo wa ziwa. Nimeona vigingi vya nyuzi za kaboni, vyepesi ajabu. Vitafaa?*
Msomaji, Kisumu

Kwa mawe, hapana. Nimeletewa vingi vya kurekebisha na sijui namna ya kuvirekebisha. Kichwa kimegundishwa kwa gundi, na ukikigonga kwa jiwe gundi inaachia. Ncha nayo ikikutana na mwamba inapasuka nyuzi nyuzi, zinakuingia kidoleni kama miiba. Ni vya udongo laini unaokubali kusukumwa kwa kiganja.

Jambo kubwa zaidi kwako ni upepo wa ziwa. Mchana nchi kavu inapata joto upesi, upepo unatoka majini kuja ufukweni. Usiku ni kinyume, nchi kavu imepoa, upepo unatoka nchi kavu kwenda majini. Ukilikaza hema upande wa ziwa pekee kwa sababu ndiko ulikosikia upepo alasiri, usiku utapigwa mgongoni. Kaza pande zote mbili kwa nguvu sawa, na dhoruba za jioni za ziwani zikikukuta hutajuta. Penye mchanga katikati ya mawe, tumia ule ujanja wa jiwe dogo na kubwa niliomweleza kaka wa Kitale. Au jaza mchanga kwenye mfuko mdogo wa plastiki iliyofumwa, ufunge kamba shingoni na uufukie kina cha kiwiko.

*Shikamoo Mama. Mimi shida yangu ni kuving'oa. Juu ya Menengai viwili viligoma kabisa nikaviacha. Nifanyeje?*
Msomaji, Nakuru

Marahaba, binti yangu. Usikitikise kushoto na kulia, hasa cha alumini, kitakatikia shingoni na nusu itabaki ardhini kumsubiri mguu wa mtu au kwato ya mbuzi. Pitisha kitanzi cha kamba imara chini ya kichwa, ingiza kijiti kwenye kitanzi hicho kiwe mpini, uvute kwa kunyoosha magoti, ukifuata njia ileile kilikoingilia. Kikigoma bado, kigonge kidogo kwenda chini, pigo moja au mawili. Utashangaa: kikishashtuka na kuachana na jiwe lililokibana, hutoka. Nami huwa nafunga utepe mwekundu kwenye kila kichwa, kipande cha kitambaa kilichobaki mezani. Asubuhi ya kuondoka nahesabu tepe kumi kabla sijakunja hema, na za kwako uking'ang'ania kwenda Menengai wiki hii, pita hapa nikufungie.